Siku ya Kumpakata Ramaro

Huko Ambohitapia, kitanda cha mfumi kikisikika kinagonga tangu asubuhi, watu hujua kuna maiti mpya, au kuna ukoo unaojiandaa kuwageuza wafu wake, yaani kuwatoa kaburini na kuwavisha sanda mpya. Kitanda hicho kilikuwa cha Ranorosoa, mjane wa Ramaro. Alifuma sanda za hariri. Tangu usichana wake hakuwa na kazi nyingine ya kumtia riziki mkononi, na wafu waliolala katika makaburi ya mawe kuzunguka kilima kile, wengi wao walikuwa wamejifunika kazi ya mikono yake.

Mfu wake mwenyewe hakujifunika kazi hiyo, naye ni mumewe.

Ramaro alikufa kwa maradhi ya kifua. Sanda yake ilikuwepo, nzuri, ya rangi ya udongo mbichi, imekunjwa sandukuni miaka mingi kama wafanyavyo wake wa huko. Lakini alipolazwa hospitalini dawa zilitaka fedha, na Ranorosoa akaitoa sanda ile akaiuza, akijiambia kwamba mgonjwa akipona atamfumia nyingine kwa raha. Dawa hazikufua dafu. Ramaro akazikwa ndani ya shuka la kitandani lenye maua ya buluu, na mwanamke aliyewavika wafu wa kilima kizima akasimama mbele ya watu macho chini, hana pa kuuficha uso.

Tangu hapo mumewe alimjia ndotoni. Hakuwa na maneno mengi, kama ilivyokuwa alipokuwa hai. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akajikunyata, akasema, “Noro, huku kuna baridi.” Basi. Kila majira ya kipupwe, ukungu ukishuka mabondeni na maji ya mashamba ya mpunga yakawa ya kuumiza vidole, Ranorosoa aliamka na maneno hayo masikioni.

Akaanza kumfumia nyingine. Hariri ya viwavi wa mwituni ni kitu cha wenye uwezo, naye hakuwa nao. Kwa hiyo kila alipomaliza sanda ya mtu alizikusanya ncha za nyuzi zilizobaki, akaziunga fundo kwa fundo, akazungushia kijiti. Nyuzi za mwalimu Razaka, nyuzi za pacha wa jirani yake Rabako, nyuzi za tajiri wa ng’ombe wa ng’ambo ya mto. Sanda ya Ramaro ikakua kidogo kidogo, kwa masazo ya vifo vya wengine, madoa madoa, kahawia hapa na nyekundu pale.

Walikuwa na mtoto mmoja, Haingotiana. Baba yake alipofariki binti alikuwa ameshinda mtihani wa kumaliza sekondari, tena kwa kuwaacha wenzake mbali, lakini hakukuwa na wa kumpeleka mbele. Akaenda kubeba matofali kichwani kule mashambani, kutoka shimoni hadi tanuri, kutwa nzima. Paroko aliyepita pale akamwona, akamkumbuka, akaandika jina lake. Kulikuwa na chama cha watu wa parokia fulani za Ulaya waliochanga kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Kikatoliki mjini Antananarivo. Watu wasiomjua hata kwa sura wakamlipia karo, wakamlipia kitanda katika bweni la masista, wakamlipia na sahani ya wali ya mchana.

Likizo ya kwanza Haingo alirudi na mashavu. Alirudi pia na miwani, maana sista wa bweni alimwona akiinamia daftari kama anayetafuta chawa, akampeleka kwa daktari wa macho kwa fedha zilezile za wafadhili. Alipoingia ndani alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mfumi, akainama, akagusa uzi.

“Mama,” alisema, “kumbe ni nyuzi moja moja! Mimi siku zote nilikuwa naona kitambaa tu.” Kisha akacheka. “Na hapa umekosea.”

Ranorosoa aliangalia. Kweli alikuwa amekosea. Akalia kwa furaha, akamwambia mwanawe aache ujuaji, akachote maji.

Wafadhili hakuwajua majina, lakini kila Jumapili aliwaombea kwa jina alilowapa mwenyewe: watu wa Haingo. Binti alisoma sheria. Mwaka wa kwanza alifaulu, wa pili akafaulu zaidi. Kulikuwa na sharti moja ambalo mama alilijua kama anavyoijua Baba Yetu: mitihani ya mwisho wa mwaka mwanafunzi aifanye siku yake. Asiyetokea, nafasi yake wanampa mwingine, kwa sababu wengine walikuwa wengi, nao walikuwa wanabeba matofali.

Mwaka huo wa tatu, mwezi wa Juni, Ratsimba aliita ukoo nyumbani kwake. Ratsimba alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mkuu wa ukoo, mtu mrefu aliyeinama mabega, asiyependa ugomvi ila aliyeshika neno lake kama kupe. Alisema kaburi litafunguliwa mwaka huu. Wafu watatolewa, watavishwa upya, watachezewa ngoma, watarudishwa. Mtazama siku, mzee Botovao, alikuwa amepanga mbegu zake za ramli na kuona siku: Alhamisi ya pili ya Agosti.

Kisha akarudia sheria ambayo kila mtu aliijua. Ilikuwa imewekwa na baba yake, wakati vijana walipoanza kupotelea mijini na kuacha wafu wakigeuzwa na majirani. Mtoto wa marehemu ndiye anayempakata mzazi wake, yaani mwili ukitolewa unalazwa juu ya mapaja yake, naye anauvisha sanda mpya kwa mikono yake. Mtoto asipofika, kitanda chake ndani ya kaburi, mahali pa kulazwa siku akifa, kimefutwa. Atatafuta pengine pa kuzikwa.

Watu wa mbali wanaweza kusema, si kaburi tu? Pale Ambohitapia mtu aliweza kuishi katika kibanda kinachovuja maisha yake yote bila kulalamika, mradi anajua atalala wapi mwishoni na atalala na nani. Mtu asiye na kaburi walimtaja kwa sauti ya chini, kama wanavyomtaja mwendawazimu.

Ranorosoa alipanda nyuma ya kanisa, ambako simu ilishika, akampigia mwanawe. Haingo akasema Alhamisi hiyohiyo ndiyo siku ya mtihani wa mwisho. Alikwenda kumwomba Sista Perpetue, aliyesimamia wanafunzi wa ufadhili, na jioni akapiga kumpa mama majibu. Sista alikuwa mtu wa milima hiyohiyo, aliyajua mambo hayo bila kuambiwa. Alicheka kwa huruma. Alisema, binti yangu, msiba wa juzi ningekuombea ruhusa, lakini wafu wetu ni wengi. Nikiruhusu kugeuza wafu, kila Agosti nusu ya darasa itakuwa makaburini, na mimi wazungu nitawaambia nini?

“Mama, nitakuja tu,” alisema Haingo. “Baba ni baba.”

“Huji,” alisema mama. “Subiri kwanza. Usimwambie mtu kitu.”

Usiku mzima hakupata lepe la usingizi. Asubuhi alimkamata jogoo wake, yule mwekundu, akamtia kapuni pamoja na chupa ya pombe ya miwa, akashika njia ya kwenda kwa Botovao. Hakumwambia mtu. Kumwendea mtazama siku kwa mlango wa nyuma ni jambo ambalo kila ukoo huko umewahi kulifanya na hakuna ukoo unaolikiri.

Botovao alimtazama jogoo, akaitazama chupa. Akasema siku haiombwi, siku inaonekana. Ranorosoa akasema anajua, ila labda baba angeangalia tena, maana macho nayo huchoka. Mzee akazitandaza mbegu kwenye mkeka, akazisogeza mbili mbili, akaguna. Hatimaye akasema lo, kumbe Alhamisi ya tatu ni nzuri zaidi, sijui ilinipitaje.

Ratsimba alipopelekewa habari hakuuliza. Mtazama siku amesema. Mialiko ikatoka, wapiga ngoma na tarumbeta wakakodiwa, nguruwe wakatengwa. Ranorosoa akamwambia mwanawe siku imesogezwa mbele, afanye mtihani wake kwa amani. Akarudi kwenye kitanda chake akafuma mkono mmoja mzima wa sanda bila kuinua kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akajikuta anaimba.

Furaha hiyo haikufika mwisho wa Julai.

Haingo alipiga simu saa ya chakula cha mchana, sauti inaruka kwa furaha. Wafadhili wanakuja! Watu wenyewe, wazee kwa vijana, wanakuja kuwaona wanafunzi wao. Watakaa tangu Jumatatu hadi Jumatano ya wiki ile ya mtihani wa mwisho, na yeye Haingo ndiye aliyechaguliwa kutoa shukrani mbele yao. Yupo bibi mmoja anaitwa Odile, ndiye hasa anayemlipia, naye ameomba waketi meza moja. Chuo kimesogeza mitihani yote wiki moja ili wageni wapokelewe vizuri.

“Wiki moja,” alisema Ranorosoa.

“Eeh. Wa mwisho utakuwa Alhamisi ya tatu. Mama? Siku ya baba ni lini vile? Ulisema imesogezwa, hukuniambia imefika wapi.”

Ranorosoa alikuwa amesimama kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Upepo ulikuwa mkali, shuka ya begani ikimpigapiga miguuni. Alijiona yeye mwenyewe akitembea na kapu la jogoo. Kama angekaa nyumbani akafunga mdomo wake, Alhamisi ya pili binti yake angekuwa huru kama ndege. Wageni wangekuwa wameondoka, mtihani bado, angekuja akampakata baba yake akarudi. Mkono wake mwenyewe ndio ulioisogeza siku hadi mdomoni mwa mtihani.

“Jumamosi,” alisema.

“Jumamosi ileile baada ya Alhamisi?”

“Hiyohiyo.”

“Mungu mkubwa,” alisema Haingo. “Nitamaliza Alhamisi, Ijumaa nasafiri, Jumamosi nampakata baba. Mama, unasikia? Vimelingana kabisa.”

Alisikia. Akakata simu.

Siku hiyohiyo alikwenda tena kwa Botovao, safari hii na nguruwe mdogo aliyekuwa akimlea wa kuuza. Mzee hakumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni akisugua meno kwa kijiti. Alisema watu wamealikwa hadi pwani, na wafu wenyewe wameshasikia siku yao ikitangazwa. “Siku si mbuzi, mama, kwamba utaivuta kwa kamba kila upande utakao,” alisema. “Tena nguruwe huyo mfunike. Ratsimba akipita hapa akatuona, mimi sikujui.”

Alirudi kwa njia ya matutani, nguruwe akilia chini ya shuka yake. Alifikiri kumwambia Haingo ukweli. Lakini alimjua mwanawe: angeuacha mtihani. Angekuja, angempakata baba yake, kisha angerudi shimoni kubeba matofali amevaa miwani yake, na wazungu wa Haingo wangepata Haingo mwingine. Alifikiri kumwambia Ratsimba. Alimjua na huyo: angelia, na sheria angeitimiza. Kila upande aliogeukia palikuwa na ukuta. Hofu yake moja ilikuwa kwamba Ratsimba angempigia Haingo simu, lakini mzee aliamini habari za binti ni kazi ya mama yake, hakupiga.

Sanda ilikamilika siku chache kabla. Aliikunja akaiweka kichwani pa kitanda. Ramaro hakuja ndotoni. Hata hilo lilimtisha.

Alhamisi ilipambazuka na ukungu, kisha jua likatoka, kali na baridi kama lilivyo jua la Agosti. Watu walijaa kilimani, wamevaa kofia za ukindu na shuka nyeupe. Katekista alisali, tarumbeta zikalia, vijana wakachimbua udongo wa mlangoni wakalivuta jiwe. Wafu wakatolewa mmoja mmoja juu ya mikeka, majina yao yakitajwa, na watu wakipokea kwa vigelegele.

Wanawake wasio na watoto walikuwa wameshaanza kugombania vipande vya mikeka ya zamani, ambavyo huwekwa chini ya godoro ili kupata mimba. Rabako, jirani yake Ranorosoa, mwenye watoto tisa, naye alijitosa kati yao.

“Wewe tena unataka nini?” wakamuuliza.

“Nataka wa kumi. Huyu wa tisa hanisikilizi.”

“Muonee huruma mumeo, bibi. Mwenzio hata kupanda kilima leo alikuwa anahema.”

“Kilima ndicho kinachomshinda,” alisema Rabako, “mengine anajikongoja hivyohivyo.” Watu wakaangua kicheko, na tarumbeta zikaitikia.

Jina la Ramaro likatajwa. Kicheko kikaisha chenyewe, maana watu walikuwa wanatazama huku na huku kumtafuta mtoto.

Ranorosoa aliketi chini, akanyoosha miguu, akafungua mikono. Vijana wakasita, wakamtazama Ratsimba. Mzee akaashiria kwa kichwa wamlaze. Shuka lenye maua ya buluu lilikuwa limegeuka rangi ya udongo, lakini ua moja karibu na bega lilionekana bado. Ranorosoa aliweka kiganja juu ya ua hilo. Kwa mkono mwingine akaikunjua sanda ya masazo, akaanza kumvisha, polepole, akimweleza kwa sauti ndogo uzi huu ulitoka kwa nani na ule kwa nani.

Ratsimba akaja akachutama mbele yake.

“Shemeji, Haingo yuko wapi?”

“Yuko njiani.”

“Njia gani?”

Aliinamia sanda, akaendelea kumvisha. Mzee akasubiri. Wafu wengine wakachezewa ngoma, wakazungushwa kaburi mabegani mwa watu, wali na nyama ya nguruwe yenye mafuta vikapakuliwa, watu wakala. Ranorosoa hakula, hakuinuka. Miguu ilikufa ganzi. Wafu wakarudishwa mmoja mmoja, hadi akabaki Ramaro peke yake nje, juu ya mapaja ya mkewe, na jua likaanza kuteremka. Kaburi haliachwi wazi jua likizama. Kila mtu pale alikuwa akilitazama jua na kumtazama yeye.

Ratsimba alikuja tena. Safari hii alikuja na wazee wengine, wakasimama nusu duara, na Ranorosoa akajua kinachofuata. Mkuu wa ukoo alivua kofia yake. Alisema kwa sauti ya juu ili wote wasikie kwamba ndugu yake Ramaro ameitwa na mtoto wake hakuitika, na sheria iliyowekwa na baba yao...

“Ngoja,” alisema Ranorosoa.

Mwanamke hakati hotuba ya mkuu wa ukoo.

“Haingo hakukataa kuja,” alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wasogee. “Hajui. Nimemdanganya. Nimemwambia ni Jumamosi.”

Ratsimba aliishika kofia yake kwa mikono miwili. “Kwa nini umdanganye?”

“Leo ana mtihani. Asipoufanya, wale wanaomsomesha wanamwacha.” Akavuta pumzi. “Na siku ya kwanza ilikuwa Alhamisi iliyopita. Ni mimi niliyeisogeza. Nilikwenda kwa Botovao na jogoo.”

Vichwa vyote vikamgeukia Botovao, ambaye ghafla alikuwa na shughuli na kiatu chake.

Wazee wakanong’onezana. Mmoja akasema kwa hasira kwamba wafu wamechezewa, kwamba siku imenunuliwa kama mchicha sokoni. Ratsimba akaigeuzageuza kofia mikononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Shemeji,” alisema mwisho, “umenifunga mikono. Watu wote hawa wamesikia. Nikiliacha, mwakani nitamwambia nani aje?”

“Usiliache,” alisema Ranorosoa. “Kosa halina mtoto ndani yake. Mtoto hakukosa. Kosa ni langu. Kitanda cha kufutwa kifute changu.”

Kitanda chake kilikuwa kimeshachongwa. Kilikuwa cha mawe, ubavuni mwa Ramaro, mkono wa kushoto, alikuwa amekiona asubuhi hiyo kaburi lilipofunguliwa. Kwao alikwisha kuaga siku alipochagua kaburi la mumewe. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kurudi kwa kaka zake kuomba nafasi. Kila mtu pale alijua alichokuwa anakitoa. Rabako aliweka shuka mdomoni.

Ratsimba alitazama jua. Lilikuwa limegusa kilima cha magharibi.

“Basi,” alisema. Akaanza upya. “Basi kitanda cha Haingotiana kipo. Cha mama yake hakipo.”

Akavaa kofia yake, akageuka upande wa pili asionekane. Vijana wakaja kumchukua Ramaro. Ranorosoa alifunga kamba ya mwisho ya sanda, akaikaza, akamkumbatia mara moja, akaachia. Hakuweza kusimama, wakamwinua. Jiwe likasukumwa, udongo ukapigwa mlangoni, na giza likaingia.

Jumamosi asubuhi Haingo alifika. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa shuka nyeupe mpya, miwani imeingia vumbi, mkononi kachupa ka pombe ya miwa aliyokuwa akiipenda baba yake na kitambaa cheupe alichokinunua kwa kudunduliza posho yake ya chakula. Alitegemea kusikia tarumbeta. Alisikia kuku tu.

Mama alikuwa amemsubiri mlangoni tangu kulipopambazuka. Alimweleza yote isipokuwa jambo la kitanda. Haingo hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Leo siyo?” kana kwamba hajasikia vizuri, akauliza tena, kisha akapanda kilima peke yake. Udongo wa mlango wa kaburi ulikuwa umeshakauka na kupasukapasuka. Alikaa pale hadi adhuhuri. Aliporudi aliiweka ile chupa na kitambaa juu ya kitanda cha mfumi.

“Umeniibia baba yangu, mama,” alisema. “Miaka yote naota namshika. Ungeniacha nichague mwenyewe.”

“Ungechagua vibaya.”

“Ingekuwa vibaya yangu.”

Ranorosoa alikuwa amepika wali, akaumwagia maji moto ukoko uliobaki sufuriani, kinywaji ambacho Haingo alikipenda kuliko chai. Kilipoa mezani. Binti alilala akiwa amegeukia ukuta, na Jumapili baada ya Misa akaenda zake mjini, akampa mama mkono kama anavyopewa mgeni.

Septemba ilipita bila simu, na Oktoba nayo ikapita hivyo. Watu waliendelea kuleta kazi, na Ranorosoa akafuma, maana wafu hawakujua habari zake. Lakini masazo ya nyuzi hakuyakusanya tena. Yalizagaa chini, akayafagia. Wakati mwingine katikati ya kazi alisimama akajiuliza yeye atalazwa wapi, akaacha kazi akatoka nje. Usiku Ramaro hakuja, na hapakuwa na wa kumwambia kama sasa ana joto au hana.

Novemba, mvua za kwanza zilipoanza, alikuwa kwenye kashamba kake kadogo ka mpunga aliposikia Rabako akimwita kutoka juu kwamba simu yake, aliyoiacha dirishani kwa Rabako kupata mtandao, inalia. Alipanda akiwa na matope magotini.

“Mama,” ilisema sauti.

“Haingo.”

“Nimefaulu. Wa pili katika darasa zima. Wafadhili wameongeza hadi nimalize. Bibi Odile ametuma salamu. Anauliza hariri yako inafumwaje.”

“Mwambie aje aone.”

Mvua ikagonga bati la Rabako. Ranorosoa alidhani simu imekatika.

“Baba mkubwa alikuja mjini,” alisema Haingo. “Ameniambia ulichokitoa pale kaburini.”

Ranorosoa alijifuta tope la goti kwa kidole, akalitazama.

“Nikimaliza shule nitajenga kaburi,” alisema Haingo. “Dogo tu. La kwako, na mimi nitalala humo. Nimemwambia baba mkubwa kile kitanda changu akifute.”

“Usiseme hivyo.”

“Nimeshasema.” Alikuwa analia sasa, lakini polepole, kama mtu aliyekuwa amelia muda mrefu kabla ya kupiga. “Mama.”

“Nakusikia.”

“Baba alikuwa mzito?”

Ranorosoa alikaa chini kwenye kizingiti cha Rabako. Alinyoosha miguu, akatazama mapaja yake.

“Hapana,” alisema. “Mwepesi. Kama wewe siku ulipozaliwa.”